Mapigano ya Trafalgar na mnara wa Nelson: niwaelezeje wanafunzi wangu?

Mwalimu_wa_Uyole aliandika:

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya, na ninasimamia klabu ya historia inayokutana kila Ijumaa baada ya vipindi. Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha pili alikuja na picha aliyoikata kwenye kalenda ya zamani ya shangazi yake. Inaonyesha uwanja mkubwa wa mjini London wenye chemchemi, simba wanne wa shaba, na nguzo ndefu ya mawe ambayo juu yake amesimama mtu aliyevaa kofia. Chini ya picha pameandikwa neno moja tu, Trafalgar.

Niliwaeleza niliyokuwa nayo kichwani: kwamba Trafalgar ni rasi iliyoko kusini-magharibi mwa Hispania, kati ya Cádiz na mlango wa bahari wa Gibraltar, kwamba mbele ya rasi hiyo, tarehe 21 Oktoba 1805, meli za kivita za Uingereza zilizoongozwa na Admirali Horatio Nelson zilizishinda meli za Ufaransa na Hispania zilizokuwa nyingi kuliko zake, na kwamba Nelson mwenyewe aliuawa siku hiyohiyo. Mnara, niliwaambia, ulijengwa katika miaka ya 1840.

Hapo ndipo mwenye picha aliponiuliza: "Mwalimu, kama walishinda mwaka 1805, mbona mnara ulikuja karibu miaka arobaini baadaye? Walikuwa wamesahau?" Mwenzake akauliza meli chache zinawezaje kuzishinda meli nyingi ilhali zote zina mizinga. Kitabu tunachokitumia hakina majibu ya maswali hayo, kina sentensi moja tu isemayo kuwa ushindi wa Trafalgar uliiokoa Uingereza isivamiwe na Napoleon, mtawala wa Ufaransa. Niliisoma sentensi hiyo darasani, watoto wakaiandika, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi kwamba nimewapa jambo ambalo mimi mwenyewe sijalipima.

Wengi wa wanafunzi hawa hawajawahi kuiona bahari. Wamekulia Uyole, Inyala na Igurusi, na maji makubwa wanayoyajua, kwa wale waliowahi kushuka Kyela au Matema, ni Ziwa Nyasa. Naomba wenye ujuzi wanisaidie niwafafanulie mapigano yale na alama zilizowekwa kuyakumbuka, kwa lugha ambayo mtoto aliyekulia milimani ataielewa.

Nahodha_Mstaafu_Itungi alijibu:

Mwalimu, umeuliza jambo ninalolipenda, kwa hiyo univumilie nikirefusha. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Nilianza kazi kwenye jahazi la baba yangu mdogo, nikahamia ziwani, nikamalizia utumishi wangu katika meli za Itungi, na sasa ninalima kokoa hapa Kyela. Nitaliacha suala la minara kwa wengine, nikueleze meli.

Jambo la kwanza watoto walielewe ni kwamba chombo cha matanga hakiendi kinakotaka, kinakwenda upepo unakokiruhusu. Jambo la pili ni kwamba mizinga ya meli za wakati ule ilipangwa ubavuni, safu juu ya safu, wala si mbele. Meli ya Nelson, iliyoitwa Victory, ilikuwa na mizinga 104, na karibu yote ilitazama kushoto na kulia. Ndiyo maana desturi ya vita vya majini ilikuwa kila upande kupanga meli zake katika mstari mmoja mrefu, omo (mbele) ya hii ikifuata tezi (nyuma) ya ile, kisha mistari miwili ikaenda sambamba ikipigana ubavu kwa ubavu. Vita vya namna hiyo mara nyingi viliisha bila mshindi wa wazi, maana aliyezidiwa alikuwa akigeuza na kuondoka na upepo.

Nelson alikuwa na meli kubwa 27. Admirali Villeneuve wa Ufaransa alikuwa na 33, yaani 18 za Ufaransa na 15 za Hispania zilizokuwa chini ya Admirali Gravina. Nelson hakutaka kwenda sambamba. Alizigawa meli zake safu mbili, moja akaiongoza mwenyewe, nyingine ikaongozwa na Admirali Collingwood katika meli ya Royal Sovereign, na safu zote mbili zikaelekezwa moja kwa moja kwenye mstari wa adui ili ziukate. Upepo ulikuwa upande wake; yeye alikuwa joshini, yaani upande unakotoka upepo, na adui zake demani, upande unakoelekea.

Mwalimu, naomba hapa usipite haraka. Siku ile upepo ulikuwa mwanana na mawimbi yalikuwa mazito, kwa hiyo meli za Uingereza zilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kwa muda mrefu wale waliokuwa mbele walipigwa mizinga wasiweze kujibu, kwa kuwa mizinga yao ilikuwa ubavuni na adui alikuwa mbele. Watu walilala kifudifudi kwenye sitaha, matanga yakitoboka na vibanzi vya mbao vikiruka kama visu. Nimewahi kukaa saa nzima katikati ya ziwa, injini imezima, dhoruba inaonekana inakuja kutoka upande wa milima ya Livingstone na sina la kufanya ila kusubiri. Sisemi ni sawa na mizinga, lakini ninaujua ukimya wa mabaharia wakati wa kusubiri namna ile.

Walipofika, hali iligeuka. Victory ilipita nyuma ya Bucentaure, meli ya Villeneuve mwenyewe, na tezi ya meli za wakati ule ilikuwa dhaifu, imejaa madirisha ya vioo. Tufe la chuma lililoingilia tezini lilipita ndani ya meli nzima hadi omo bila kizuizi. Wakati huohuo meli za adui zilizokuwa mbele kabisa ya mstari zilijikuta zimeachwa nje ya mapigano, na kwa kuwa upepo ulikuwa mdogo zilichukua saa nyingi kugeuka. Jibu la swali la mwanafunzi wako ni hilo: meli 33 hazikupigana na 27, bali sehemu ya zile 33 ilipigana na 27, na waliobaki walichelewa.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana kwenye mchoro. Kwa miaka kadhaa Waingereza walikuwa wamezifunga bandari za Ufaransa, meli zao zikikaa baharini kiangazi na masika, wakati mabaharia wa upande wa pili wamefungiwa gatini, wakipata nafasi chache za kufanya mazoezi ya matanga na mizinga. Mpiga mzinga aliyezoea kupakia chombo kikiyumba hupiga mara mbili au tatu wakati mwenzake anapiga moja. Wahispania walipigana kwa ujasiri mkubwa, Wafaransa vivyo hivyo, lakini ujasiri hauongezi kasi ya kupakia baruti.

Kuhusu kifo cha Nelson: Victory ilikuwa imegandana na meli ya Kifaransa iitwayo Redoutable, na saa saba na robo hivi mchana mtu aliyekuwa juu kwenye mlingoti wa Redoutable alimpiga risasi ya gobore begani. Aliteremshwa chini ya sitaha, akafa saa kumi na nusu alasiri, akiwa amekwisha kuambiwa kwamba wameshinda. Hakuna hata meli moja ya Uingereza iliyotekwa wala kuzama, ingawa nyingi zilibaki magogo yasiyo na milingoti. Meli 18 za Ufaransa na Hispania zilitekwa au kuangamizwa siku ile. Kisha ikaja tufani iliyovuma siku kadhaa, ikazamisha meli nyingi zilizotekwa pamoja na majeruhi waliokuwamo. Waingereza waliokufa ni takribani 450, na upande wa pili ni zaidi ya 3,000. Hao waliozama baada ya vita mimi huwa nawafikiria kuliko hata Nelson.

Darasani tumia vizibo vya soda mezani. Panga mstari mmoja, kisha waambie watoto waje na safu mbili, na uweke sharti kwamba kizibo hakiwezi kwenda kinyume cha upepo. Wataelewa kwa dakika kumi.

Mdadisi_Gangilonga alijibu:

Shikamoo Nahodha, na Mwalimu nakusalimu. Mimi niko Iringa, na kazi yangu ni kuwaongoza wageni kwenye maeneo ya kihistoria ya mkoa huu, kwa hiyo maswali ya minara ninaulizwa karibu kila siku.

Naomba nianze na ile sentensi ya kitabu, kwa sababu wasiwasi wako Mwalimu ni wa haki. Ni kweli kwamba Napoleon alikuwa amekusanya jeshi kubwa Boulogne, pwani ya kaskazini mwa Ufaransa, kwa nia ya kuvuka na kuivamia Uingereza. Lakini mwishoni mwa Agosti 1805 alikwisha kulivunja kambi jeshi hilo na kuligeuza kuelekea mashariki dhidi ya Austria. Tarehe 20 Oktoba 1805, siku moja kabla ya Trafalgar, jeshi la Austria lilisalimu amri mbele yake kule Ulm, na tarehe 2 Desemba akapata ushindi wake mkubwa wa Austerlitz. Kwa hiyo mizinga ilipolia Trafalgar, jeshi lililotakiwa kuivamia Uingereza lilikuwa katikati ya Ulaya, mbali kabisa na pwani. Kusema kwamba mapigano yale yaliuzuia uvamizi ni kuzichanganya tarehe.

Yaliyofuata ndiyo yanayoupa ushindi ule uzito wake. Baada ya 1805 Napoleon hakuweza tena kutegemea bahari, ingawa aliendelea kuunda meli. Mwaka 1806 aliamua kupigana na Uingereza kwa kuizuia kibiashara, akizipiga marufuku bandari za Ulaya kufanya biashara nayo, na jitihada za kuilazimisha amri hiyo zilimwingiza katika vita vya Ureno na Hispania. Waingereza nao, kwa kuwa njia ya maji ilikuwa yao, waliweza kuteremsha jeshi Ureno mwaka 1808 na kulihudumia kwa miaka. Mwalimu, ukiwaandikia watoto sentensi mpya, iandike hivyo.

Sasa la mnara. Mwanafunzi wako ameuliza swali ambalo mimi ningependa kila mgeni wangu aniulize: linganisha mwaka wa tukio na mwaka wa mnara. Waingereza hawakusahau. Nelson alizikwa kwa heshima kubwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, tarehe 9 Januari 1806, na miji mingine iliutangulia mji mkuu kumjengea. Glasgow ilisimamisha mnara wake mwaka huohuo wa 1806. Dublin na Montreal, mwaka 1809. Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, ilimsimamishia sanamu mwaka 1813, miaka thelathini kabla ya London. Uwanja unaouona kwenye ile picha haukuwapo mwaka 1805. Mahali pale palikuwa na mazizi ya farasi wa mfalme. Ulipokuwa ukitengenezwa katika miaka ya 1830 ukapewa jina la Trafalgar, kisha kamati ikaundwa mwaka 1838 kukusanya michango, mchoro wa msanifu William Railton ukachaguliwa, na sanamu iliyochongwa na Edward Hodges Baily ikapandishwa juu mwaka 1843. Wale simba walichelewa zaidi, wakafika mwaka 1867. Nguzo pamoja na sanamu yake ina urefu wa mita 51 na nusu na kidogo.

Kwa maoni yangu, kuchelewa huko kunasema jambo. Mnara wa 1806 ulijengwa na watu waliokuwa bado wanaomboleza. Mnara wa 1843 ulijengwa na taifa ambalo meli zake zilikuwa zimeenea dunia nzima bila mpinzani, na lilitaka kila apitaye katikati ya mji wake aone jambo hilo limeanzia wapi. Hata ungewekwa ufukweni usingetimiza kusudi lake, kwa sababu haukuwekwa kwa ajili ya mabaharia.

Huku kwetu tuna mfano mzuri wa kuwafundishia. Kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, pale Lugalo, upo mnara wa kumbukumbu ya tarehe 17 Agosti 1891, siku ambayo wapiganaji wa Mtwa Mkwawa walikishambulia kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wageni wengi hufika wakidhani Wahehe ndio walioujenga kwa kuwa wao ndio walioshinda. Sivyo. Waliujenga Wajerumani kuwakumbuka wafu wao. Basi unasimama katika nchi ya mshindi ukiwa na sauti ya aliyeshindwa, na mimi huwaambia wageni wasome kwanza ni nani aliyeandika, ndipo wasome alichoandika.

Alama hizi pia hazidumu kwa sababu tu zimejengwa kwa mawe. Nguzo ya Nelson ya Dublin ililipuliwa kwa baruti tarehe 8 Machi 1966, miaka hamsini baada ya Waairishi kuinuka dhidi ya utawala wa Kiingereza. Huko Barbados, sanamu ile ilikuwa imewekwa wakati sukari ya kisiwa ikilimwa na watumwa. Wenye mashamba walimshukuru Nelson kwa kuja kwake Karibi mwaka 1805 akizifuatia meli za Villeneuve. Mwaka 1999 uwanja wake ulibadilishwa jina ukaitwa Uwanja wa Mashujaa wa Taifa, na tarehe 16 Novemba 2020 sanamu yenyewe ikateremshwa mbele ya umati, mwaka mmoja kabla ya nchi hiyo kuwa jamhuri.

Binti_Rungwe alijibu:

Nashukuru kwa maelezo haya. Nilisoma London kwa miaka miwili kabla sijarejea Tukuyu, na uwanja huo nilikuwa naupita nikienda kupanda basi, kwa hiyo naomba niongeze yale ambayo picha ya kalenda haiwezi kuonyesha.

Ukisimama chini, Nelson humwoni vizuri. Yuko juu mno, na kwa siku za mawingu ni umbo jeusi tu. Anatazama kusini, na ukimpata kwa pembe nzuri utaona kwamba mkono wa koti lake la kulia ni mtupu, umebanwa kifuani, kwa sababu mkono ule aliupoteza vitani Tenerife mwaka 1797. Vinavyoonekana vizuri ni vibao vinne vikubwa vya shaba vilivyozunguka kitako cha nguzo, ambavyo viliyeyushwa kutokana na mizinga ya Kifaransa iliyotekwa. Kila kimoja kina pigano lake: Rasi ya Mtakatifu Vincent, Mto Nile, Copenhagen, na cha kusini ni kifo chake Trafalgar.

Mwalimu, kibao hicho cha kusini ndicho ambacho ningependa wanafunzi wako wakifahamu. Nelson amebebwa na watu wake, na pembeni, upande wa kushoto, amesimama baharia mweusi ameshika bunduki, anatazama juu kana kwamba anamtafuta aliyepiga ile risasi. Mara ya kwanza nilipomwona nilirudi nyuma hatua mbili nikidhani ni kivuli cha shaba. Sivyo, ni mtu mweusi, sura yake imechongwa kwa uangalifu sawa na wengine wote. Katika meli za Uingereza za siku ile walikuwamo watu wa mataifa mengi, wakiwamo weusi, na aliyechonga kibao kile hakuwaacha nje. Watu maelfu wanapita hapo kila siku na wengi hawamtazami.

Uwanja ule una vitako vinne pembeni kwa ajili ya sanamu, na kimoja, cha kaskazini-magharibi, kilikaa kitupu zaidi ya karne moja na nusu. Siku hizi huwekwa kazi za wasanii kwa zamu. Kati ya 2010 na 2012 iliwekwa kazi ya Yinka Shonibare, msanii Mwingereza mwenye asili ya Nigeria: meli ya Victory yenyewe, imeundwa kwa udogo ndani ya chupa kubwa, na matanga yake yote 37 yameshonwa kwa vitambaa vya nakshi kama vitenge vyetu hivi tunavyonunua Soko Matola. Baadaye ilihamishiwa Greenwich, kwenye jumba la makumbusho ya bahari, na huko ndiko nilikoiona. Nilitamani mama yangu aione.

Kazi iliyonigusa zaidi ilikaa hapo kuanzia Septemba 2022 hadi 2024. Ni ya Samson Kambalu, msanii mzaliwa wa Malawi. Aliweka sanamu mbili, ya mmisionari Mzungu John Chorley na ya mchungaji John Chilembwe, zikinakili picha waliyopigwa mwaka 1914 mbele ya kanisa la Chilembwe. Chilembwe alifanywa mkubwa kuliko mwenzake, na amevaa kofia, kwa sababu wakati ule Mwafrika hakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya Mzungu.

Nawakumbusha wasiomfahamu. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Karonga, ng'ambo tu ya mto Songwe, mahali ambapo mtu wa Kyela huenda na kurudi siku moja. Waafrika wa pande zote mbili walikufa katika vita ambavyo havikuwa vyao, na mnamo Novemba Chilembwe aliandika barua kwenye gazeti la Nyasaland, yaani Malawi ya leo, kulalamikia jambo hilo. Januari 1915 aliongoza maasi dhidi ya wakoloni, na tarehe 3 Februari akauawa. Kwa miaka miwili mtu huyo wa upande wetu wa dunia alisimama mita chache tu kutoka kwenye nguzo ya Nelson, na kofia yake kichwani. Nilikuwa na rafiki kutoka Karonga. Tulikwenda naye Jumapili moja, akasimama hapo kimya karibu nusu saa, kisha akapiga simu nyumbani kwao.

Mwana_wa_Manda alijibu:

Mimi ni mtu wa Ludewa, na naona haya mazungumzo yasipite bila Ziwa Nyasa lenyewe kuhesabiwa. Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ilivuka ziwa kutoka Fort Johnston, ambayo leo ni Mangochi, ikaikuta meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli. Gwendolen ikaipiga mizinga. Simulizi iliyoenea ni kwamba nahodha Mjerumani, ambaye alikuwa rafiki wa Rhoades na hakuwa amepata habari za vita, alipiga makasia hadi kwenye meli ya mwenzake akiwa amekasirika, akimwuliza kama amelewa. Akatekwa hapohapo. Magazeti ya London yakautangaza kuwa ushindi wa majini.

Liuli wakati huo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe kubwa la bandarini ambalo waliliona linafanana na Sphinx ya Misri. Jiwe hilo lipo.

Na jina la meli hiyo lina historia yake. Wissmann alikuwa gavana wa Kijerumani, na sanamu yake ilisimama Dar es Salaam tangu 1909 hadi Waingereza walipoiondoa. Mahali hapo ndipo palipowekwa Sanamu ya Askari mwaka 1927. Yeye Wissmann akapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakamwangusha mwaka 1968.

Mwalimu_wa_Uyole alijibu:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Jana nimewasomea wanafunzi majibu haya tangu mwanzo, na kwanza niliwaambia wazi kwamba ile sentensi ya kitabu niliwapa bila kuichunguza, wakaifuta kwenye madaftari na kuandika tarehe tatu zikifuatana: mwisho wa Agosti, 20 Oktoba na 21 Oktoba 1805. Mwenye picha alitazama kalenda yake tena akitafuta baharia mweusi, na ilibidi nimweleze kwamba kibao hakionekani kutoka upande ule.

Tumekubaliana kwamba kila mwanafunzi atatafuta mnara, sanamu au jiwe moja la kumbukumbu katika Nyanda za Juu Kusini, aandike mwaka wa tukio, mwaka wa ujenzi na jina la aliyejenga. Dada wa Gangilonga, muhula ujao tukipata usafiri tutafika Lugalo, na nitaomba utupokee.

Swali moja limebaki, na ni la Nahodha. Wanafunzi wamebishana: wengine wanasema lile la Liuli si pigano la majini kwa sababu meli moja ilikuwa nchi kavu, wengine wanasema mizinga imelia juu ya maji, basi ni la majini. Wewe unaonaje, mzee wetu? Vilevile, tulijaribu vizibo vya soda, lakini meza yetu ilikuwa fupi na upepo wetu ulikuwa wa kubuni, tukachanganyikiwa.

Nahodha_Mstaafu_Itungi alijibu:

Marahaba kwa binti wa Gangilonga, nilichelewa kuitikia.

Mwalimu, kwangu mimi la Liuli ni shambulio lililofanywa kutoka majini. Pigano la majini linahitaji vyombo viwili vinavyoelea na manahodha wawili wanaojua kuwa wanapigana, na siku ile Mjerumani hakuwa na kimoja kati ya hivyo. Lakini waambie wale waliobisha kwamba hoja yao si mbaya, kwa kuwa baada ya siku ile Waingereza ndio waliotawala ziwa, na kutawala maji ndicho kilichotafutwa Trafalgar pia.

Ijumaa ijayo nina safari ya kumwona daktari Mbeya asubuhi, na nitakuwa huru kuanzia saa nane. Nitakuja na tanga dogo la kitambaa na kamba zangu, niwaonyeshe joshi na demani kwa mikono yao wenyewe. Wewe uandae vizibo sitini vya rangi tatu: ishirini na saba vya Nelson, kumi na vinane vya Villeneuve na kumi na vitano vya Gravina. Unganisha meza tatu ziwe moja ndefu, na kama shule ina feni ya kuazima, iwekwe upande wa magharibi, maana siku ile upepo ulitokea huko.